Splashi Haimo Kwenye Begi Lako

Kabula,

Wiki mbili hizi umenipa shikamoo kila asubuhi, nimekuitikia marahaba, na baada ya hapo hakuna aliyemwongezea mwenzake neno. Kwa hiyo sitaanza na zile salamu ndefu za barua. Mimi mzima, wewe mzima, ukuta mmoja unatutenganisha na usiku nakusikia ukikohoa.

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na jua bado lipo. Nimekaa kibarazani nyuma, juu ya ile ndoo ya rangi tunayoigeuza kuwa kiti. Kesho alfajiri unapanda basi pale Nyegezi kwenda Dar es Salaam, kukalia dramu za bendi ambayo mimi sijawahi kuisikia ikipiga. Mambo ya kula, kulala na kujihadhari na watu sitakuandikia. Una miaka ishirini na mitatu. Kama mpaka leo hujui kuchemsha maji ya kunywa, barua haitakusaidia.

Jambo moja ulijue mapema, usije ukaligundua Dodoma na kunilaani mbele ya abiria. Splashi haimo kwenye begi lako. Niliitoa jana ulipokuwa mazoezini. Usiitafute uvunguni wala kwa majirani. Nitakuambia ilipo, ila nitakuambia kwa mpangilio wangu, kwa sababu anayeandika ni mimi.

Wasiojua husema ni kisahani tu. Bi Hadija anaiita kisosi mpaka leo, na amefanya kazi za sherehe nayo miaka yote hiyo. Ni toazi dogo, halizidi sahani ya wali, jembamba kiasi kwamba ukiligusa kwa ukucha linaitika. Toazi kubwa ukilipiga, sauti inapanda, inatanda ukumbini, halafu inakawia kuondoka kama mgeni aliyeshiba. Dogo halina muda huo. Linasema chwi, limekwisha. Nilikufundisha wakati miguu yako haijafika kwenye pedali: usilipige kila mara, watu watalizoea. Nati yake usiikaze, likibanwa linakufa. Usilipige peke yake, liwekee mguu chini, ngoma kubwa ilie pamoja nalo ndipo lipate mwili. Hayo yote umeyashika. Mguu wako bado unachelewa, nimekuambia tangu uko darasa la sita, na wale wa Dar watakuambia kwa maneno mabaya kuliko yangu.

Kuna matumizi mengine ya toazi hilo ambayo sikuwahi kukufundisha kwa mdomo. Uliyaona kwa macho yako.

Mimi dramu nilizijulia kanisani Igogo, kwenye kwaya ya vijana. Mpiga dramu alihamia Geita, na hakuna aliyetaka kiti chake, nikakikalia. Baba yako, Mungu amrehemu, alinioa nikiwa tayari napiga na hakuwahi kulalamika. Alikuwa mtu mwema na hakuwa na kitu cha kukufundisha. Aliyenitoa kanisani ni Bi Hadija mshereheshaji. Unajua kicheni pati zilivyo: bibi harusi anakalishwa katikati, shangazi zake wanamwaga maneno ambayo mwanaume hatakiwi kuyasikia, na mwanaume akichungulia mlangoni anafukuzwa kwa mwiko. Lakini bendi za mji huu zote zilikuwa za wanaume. Bi Hadija alitafuta mwanamke wa dramu Mwanza nzima akanipata mimi. Kwa malipo yake ndivyo ulivyovaa viatu.

Kazi yangu ilikuwa kusindikiza zawadi. Wanawake wanapanga foleni, kila mmoja anacheza na zawadi yake kichwani, Bi Hadija anaitangaza, mimi napiga toazi kubwa. Shwaaa. Mwingine. Shwaaa. Siku moja kule Nyakato akaja mama mmoja wa mjini, ana boksi la kutosha friji, utepe umezunguka pande zote, amewasukuma wenzake ili apite mbele. Boksi likafunguliwa. Ndani ya boksi kulikuwa na boksi, ndani yake magazeti, na ndani ya magazeti vikombe viwili. Ukumbi ukanyamaza, watu wanamwonea aibu. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye splashi. Chwi. Na hapo hapo nikaishika kwa vidole, sauti ikakatika. Wanawake walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Yule alistahili. Nasema hivyo mpaka leo.

Basi ikawa kila anayeandaa sherehe anamwambia Bi Hadija, "Uje na yule mama wa chwi." Zawadi kubwa, toazi kubwa. Zawadi ndogo, splashi, na kuishika. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Watu wakaanza kusema fulani kapigwa chwi, hata kama ni binti aliyeachwa na mchumba tu. Nguvu haikuwa na maana yoyote, siri yote ilikuwa kuchelewa. Unamwacha mtu afike, aweke kitu chake chini, anyanyue uso kutafuta lile toazi kubwa, halafu ndipo unampa. Niliwaona wanawake wazima wakiwa kwenye foleni wanautazama mkono wangu kuliko wanavyomtazama bibi harusi. Mmoja wa hapa hapa Mkolani aliazima masufuria ya jirani, akayatoa zawadi, nikampigia toazi kubwa, na kesho yake akaenda kuyadai kwa bibi harusi kabla jirani hajaamka. Niliposikia nilicheka sana. Nilidhani mji mzima unanipenda, kumbe walionipenda ni wale ambao zamu yao haijafika.

Splashi yenyewe wewe uliikuta, kwa hiyo hujui ilikotoka. Ilikuwa toazi kubwa la kanisa. Lilipasuka ukingoni, ufa unazidi kuingia ndani kila Jumapili, wakaamua kulitupa. Nikalichukua. Nilikuwa nalipeleka kuchomelewa, na hilo lingekuwa kosa, maana shaba ile ukiichoma moto inakuwa bubu. Fundi wa Nyakato akanizuia mlangoni. Akasema atalikata pembeni kote mpaka ufa wote uondoke, kitakachobaki kitakuwa kidogo lakini kitalia. Na lazima mtu amwage maji pale pale msumeno unapopita, bila kuacha, lisipate joto. Nilikuwa na dada yangu Milembe. Yeye ndiye aliyemwaga maji. Aliinama na kopo mchana kutwa, anachota kwenye ndoo, anamwaga, anachota, mpaka vidole vyake vikafa ganzi na kitenge kikalowa mpaka kiunoni. Mimi nilikuwa nimekaa kivulini nimekupakata. Fundi alipomaliza, dada alikigonga kwa ukucha, akacheka, akasema, "Mtoto huyu ana sauti kali kuliko wako."

Mama yako mkubwa ulikaa mgongoni kwake kabla hujakaa pengine popote. Alikuwa ameachika, akaja kuishi nasi, na kila nilipokwenda ukumbini wewe ulibaki naye. Baadaye alirudi Igombe kuanika dagaa, na likizo zako zote ulikuwa unazimalizia kule. Ulikuwa unarudi unanuka moshi na samaki, na siku mbili za kwanza ulikuwa unanikimbia.

Siku ninayotaka kuisema unaikumbuka, ulikuwa na miaka minane. Ilikuwa ukumbi wa Igogo, sherehe ya watu wazito wa biashara ya samaki. Wanawake wote wameshona sare moja, inameta. Dada hakualikwa na mtu. Nilimwambia mimi kwamba Jumamosi napiga Igogo, akaona huo ndio mwaliko. Alikuja moja kwa moja kutoka kwenye chanja zake, amevaa kitenge chake cha kanisani, na harufu ya dagaa ilitangulia mbele yake. Kichwani alikuwa na ungo aliousuka mwenyewe, mpya, ukingo wake bado una ukijani. Nyuma yake wewe, umeshika pindo la kitenge chake.

Akafika mbele, akacheza kama tunavyocheza kwetu, mabega yote. Akaninyooshea kidole, akapaza sauti ukumbi mzima usikie: "Huyo anayepiga ni mdogo wangu! Tumbo moja!"

Nikamwacha aweke ungo chini, katikati ya majiko na mafriji. Nikamwacha anyanyue uso. Chwi. Nikaishika.

Wanawake wakacheka. Na yeye akacheka, Kabula, kwa sababu hakujua. Alikuwa hajawahi kuingia kwenye kicheni pati. Alidhani ni heshima, kwamba mdogo wake amempigia kile chombo ambacho yeye alikimwagia maji mpaka kikazaliwa. Akageuka, akazungusha kiuno, akanipungia mkono nimpigie tena.

Nikapiga tena, nikaishika.

Ile ya kwanza ningeweza kusema mkono ulizoea. Ya pili niliipiga nikiwa namtazama usoni.

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Nikayaona macho yake yakipita kwenye nyuso za wale wanawake, mmoja baada ya mwingine, na yalipofika kwangu alikuwa ameshaelewa. Akakushika mkono, mkatoka. Ungo ulibaki pale pale. Wakati wa kula waliutumia kuwekea maganda ya ndizi.

Tangu siku hiyo hajakanyaga nyumba yangu. Watu wanadhani nilimpiga kwa sababu ya ungo, au kwa sababu alinifedhehesha mbele ya matajiri kwa ile harufu. Hata mimi nilijiambia hivyo miaka mingi, ilikuwa rahisi kubeba. Si kweli. Nilimpiga kwa sababu ulikuwa umeshika kitenge chake. Neno lako la kwanza ulimwambia yeye, na lilikuwa mama. Alinificha. Niliambiwa na jirani aliyedhani ananifurahisha. Nilikuwa na wivu na dada yangu mwenyewe, na mkononi nilikuwa na kifimbo na mbele yangu toazi.

Na nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa, usiku ule nililala vizuri. Nililala nikijisifu kwamba ya pili ilitoka safi kuliko ya kwanza.

Mkono wangu ulipoanza kufa ganzi na vifimbo vikawa vinanidondoka, nikakuachia kiti. Na hapo ukaanza kunitia aibu. Splashi ilikuwa imefungwa pale pale pembeni yako, ila zawadi hukuzipigia hiyo kabisa. Uliipiga kwenye nyimbo tu, moja hapa, moja pale, kujibu mwimbaji. Kwenye foleni kila mtu alipata toazi kubwa, awe na friji, awe na mwiko. Bi Hadija akanijia analalamika, "Mwanao anaua kazi. Watu wanasinzia." Nikakutolea uvivu mbele yake. Nilisema huna makali, huna sura ya jukwaani, utazeeka unapigia kwaya ya watoto wa Jumapili. Ulikuwa unafuta ngozi ya ngoma kwa kitambaa, hukunijibu. Una tabia ya kutojibu, umeitoa Igombe.

Halafu ikaja sherehe ya Neema, binti wa Bi Hadija, kule Nyakato, wiki mbili zilizopita. Unajua nilikwenda na nini. Jiko la gesi la plate mbili, na mtungi wake, wasichana wawili wameubeba nyuma yangu. Nilitaka wanione. Nilitaka wajue yule mama wa chwi bado yupo, na sasa ni mgeni rasmi. Nikacheza. Nikaliweka jiko chini. Nikanyanyua uso.

Najua maana ya kunyanyua uso. Niliona nyuso nyingi kutoka upande ule mwingine. Sikujua kwamba shingo inauma.

Chwi.

Mwanzoni hakuna aliyecheka, haikuwaingia akilini. Jiko la gesi, toazi dogo? Wakatazamana. Halafu mmoja kule nyuma akacheka, na wengine wakamfuata, kwa sababu tuliwazoesha hivyo, wakisikia ile sauti wanacheka kwanza. Mwenye simu alikuwa tayari amerekodi. Kabla sijafika nyumbani video ilikuwa imeshafika Mkolani: mama wa chwi kapigwa chwi na mwanawe wa kumzaa.

Sasa nikusahihishie pigo lako, maana hakuna mwingine atakayekusahihishia. Kuchelewa kulikuwa kuzuri. Ulinisubiri mpaka tabasamu likafika mwisho, hata mimi nisingesubiri vizuri hivyo. Mguu wako kwa mara ya kwanza haukuchelewa. Pale ulipopiga ndipo penyewe, ukingoni, kwa shingo ya kifimbo. Kosa lako lilikuwa moja. Hukushika. Mkono wako wa kushoto ulinyanyuka kwenda kushika, nikauona, ukaishia njiani. Toazi likaachwa limalize sauti yake lenyewe, chwiiii, mpaka likachoka. Hakuna aliyegundua ila mimi. Ulikuwa unanichapa na kunionea huruma kwa pigo moja, na hakuna kitu kibaya kama hicho, kwa sababu aliyepigwa hajui afanye nini na wewe. Ungeshika, ningekuchukia kwa amani.

Nimekaa na ule mkono wako wiki mbili, kila nikifumba macho nauona umesimama hewani.

Ndipo wakapiga simu wale wa Dar. Ulitoka nje kuongea, lakini dirisha langu lilikuwa wazi. Ulikuwa umeweka sauti ya nje, nikamsikia yule bwana wa bendi akicheka. Akasema video yako ameitazama mpaka ameikariri, kwamba bendi yao inapiga kwenye harusi za watu wakubwa, na kitu kama hicho kule hakuna. Akasema, "Uje na kile kitoazi chako, dada. Usikisahau." Ukasema sawa.

Nikuambie jinsi ninavyoona, utanikasirikia, na mimi nimezoea. Hawakukuita kwa ajili ya upigaji wako. Wapigaji wa mguu wa haraka wamejaa Dar. Wanamtaka yule msichana aliyempiga chwi mama yake. Watakuweka pembeni ya jukwaa, watakuletea foleni ya watu usiowajua, na utapiga. Wa kwanza atastahili. Nakuhakikishia, kuna mtu ataleta vikombe viwili ndani ya boksi la friji, na utapiga, na ukumbi utakupenda. Mkono wako utakuwa unaishia njiani mara moja, mara mbili. Halafu siku moja utashika, na utaona ni rahisi, na utalala vizuri.

Kwa hiyo jana nilifungua begi lako, nikaitoa splashi, nikaifunga kwenye kanga, nikaenda Igombe.

Nilimkuta mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kwenye chanja zake, anageuza dagaa. Amezeeka kuliko nilivyojiandaa. Mgongo umepinda, ila mikono bado ina haraka ile ile. Nikamwamkia kwa Kisukuma. Akaniitikia kwa Kiswahili, kama anavyomwitikia mteja. Nikaanza upya kwa Kiswahili.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja kununua?"

"Nimekuja kukuona."

"Haya, umeniona."

Akaendelea kugeuza. Nilisimama pale juani, hakuniambia nikae, na mahali pa kukaa palikuwepo. Kunguru na yangeyange walikuwa wamejaa, anawafukuza kwa kupunga kitambaa, wanaruka hatua moja wanarudi. Nikafungua kanga. Aliitazama muda mrefu bila kuigusa.

"Ndiyo ile?"

"Ndiyo ile."

"Video yako niliiona," akasema. "Vijana wa mwaloni walinionyesha. Nikawaambia warudie."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, Kabula, maneno mazuri ya kuomba msamaha, na hakuna hata moja lililokuwa na mahali pa kuanzia. Nikamwambia tu, "Nimekuletea. Fanya nayo unavyotaka."

"Mimi si mpiga ngoma."

"Najua."

Akaichukua. Akakata uzi wa nyavu kwa meno, akaupitisha kwenye lile tundu la katikati, akaifunga kwenye nguzo ya chanja, legevu, inaning'inia. Hakuna aliyemfundisha kwamba haitakiwi kubanwa. Akaokota kijiti. Akapiga mara moja, kwa nguvu, akaiacha ilie. Ndege wote wakaruka, mpaka wale wa chanja za wenzake, wakaenda kutua mbali huko majini.

"Inafaa," akasema.

Halafu akanigeukia. Alingoja. Mimi nilidhani anataka kusema kitu, nikanyanyua uso nimsikilize. Chwi. Na akaishika kwa vidole viwili, ikakatika pale pale, safi, hakuna mkia hata kidogo. Hajawahi kukalia dramu maisha yake yote. Alijifunza pigo lile kwa kupigwa nalo.

Wanawake wa chanja za jirani wakanyanyua vichwa, wakacheka. Hawakujua wanamcheka nani wala kwa nini.

Nikasimama kungoja ya pili. Mimi nilimpiga mbili, na niliona ni haki yake. Nilitamani aipige, tuishe. Akakitazama kijiti, akanitazama mimi, akakiweka chini, akarudi kwenye dagaa wake. Hiyo ya pili ameniachia, na sijui kama ni huruma au ndiyo adhabu yenyewe.

Umeelewa sasa kwa nini haimo begini. Najua maduka ya Dar yanauza splashi, tena mpya, za kung'aa, hazina historia ya mtu. Siwezi kwenda kuzitoa zote. Ukitaka kununua utanunua, na yule bwana atafurahi. Mimi nimeondoa ile moja tu niliyoweza kuifikia. Ukiamua kupiga bila hiyo itabidi upige vizuri kweli, mguu na yote, kwa sababu hutakuwa na kitu cha kujificha nyuma yake, na huenda wakakurudisha Mwanza ndani ya mwezi. Ukirudi, utanikuta nakucheka. Lakini utakuta mlango uko wazi.

Alfajiri nitakusindikiza stendi. Usiniambie nibaki kwa sababu ya mkono, begi nitabeba kwa ule mwingine. Hatutaongea mambo haya njiani. Utanipa shikamoo yako, nitakuitikia, utapanda basi.

Na begi lako linanuka. Usiende kulalamika wala kutoa nguo ukazifua upya, muda hakuna. Nilipokuwa naondoka Igombe, nimeshafika barabarani, dada alinifuata. Alikuwa anatweta. Akauliza, "Mtoto anaondoka lini?" Nikamwambia keshokutwa. Akanipa kifurushi amekifunga kwenye kitenge, kile kile cha kanisani, nilikitambua kwa pindo. Ndani ni dagaa, amechagua wakubwa wakubwa, amewakausha vizuri, wanafika Dar bila kuharibika. Akasema, "Mpe Kabula. Mwambie ni mama yake mkubwa."

Nimewaweka pale ilipokuwa splashi.

Mimi hakunipa hata wa kuonja.

Mama yako